Meno Si Kanzu ya Kufuliwa



Ndugu zangu katika imani, kila inapokaribia 'Iyd au msimu wa harusi, vijana wetu hapa Uganda huanza kuulizana dawa ya kung'arisha meno. Huyu anasugua kwa limau na magadi, yule kwa mkaa wa kusaga, na wengine wanakaa kwenye kiti cha saluni, wanapakwa jeli wasiyojua ina nini, kisha wanamulikwa taa ya buluu. Wazazi tunaona na kunyamaza. Baadhi yetu ndio tunaotoa pesa! Hili ni kosa, na lazima tuambizane.

Jino limefunikwa kwa gamba gumu liitwalo enameli. Chini yake kuna sehemu yenye umanjano, ndiyo maana meno mazima ya mwanadamu hayawi meupe kama karatasi. Enameli ikishalika haioti tena. Limau linailainisha, mkaa unaikwangua. Leo kijana anafurahia weupe, kesho umanjano wa ndani unajitokeza, na akinywa maji baridi meno yanakufa ganzi.

Ama jeli, kinachofanya kazi ndani yake ni peroksaidi. Kwa daktari wa meno mambo huenda hivi:

1. Anakagua matundu na fizi, kisha anaondoa ukoga. Madoa mengi ya chai, sigara na mairungi huishia hapo hapo.

2. Akiona inafaa, anakinga fizi na kupaka peroksaidi ya haidrojeni ya asilimia 25 hadi 40, kazi ya kama saa moja au zaidi kidogo. Au anakutengenezea kifuniko laini kilichopimwa kwa meno yako, ukavae nyumbani kwa wiki mbili hivi na jeli dhaifu zaidi.

3. Anakueleza ukweli: meno yanaweza kuuma kwa siku chache, weupe hupungua kadiri muda unavyopita, na jino bandia au kizibo cha jino havibadiliki rangi. Hiyo taa nayo haijathibitika kuongeza faida kubwa.

Je, msusi anayajua haya? Jeli kali ikigusa ufizi inauunguza. Nchi za Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2012 zinataka jeli za aina hii zenye peroksaidi inayozidi asilimia 0.1 hadi 6 ziuzwe kwa madaktari wa meno tu, na zisitumiwe kwa aliye chini ya miaka 18. Sisi tunampeleka binti wa sekondari saluni!

Atasema msemaji: "Daktari ni ghali." Kweli. Lakini kung'arisha meno si faradhi, na asiye na uwezo hadaiwi. Apige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, na ashike siwaki, Sunnah ambayo Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliisisitiza mno. Hiyo haitaki saluni.

Mwingine atasema: "Yote ni haramu, ni kubadilisha maumbile." Hapana, tusichanganye mambo. Hadithi ya Ibn Mas'uud (Radhiya Allaahu 'anhu) katika Bukhari na Muslim imewalaani wanaoachanisha meno kwa ajili ya urembo. Wanazuoni wengi wa zama hizi wametofautisha kati ya kuchonga jino zima ili kujipamba na kuondoa doa au kutibu kasoro. Basi anayechongesha meno mazima ili avishwe maganda meupe kama ya waigizaji na ajiulize yuko upande gani.

Na wako wenye haja ya kweli. Watoto wa Kisoro, chini ya milima ya volkano, kama wenzao wa Arusha na Nakuru, wengi wana meno yenye madoa ya kahawia. Si uchafu. Ni floraidi iliyozidi katika maji, iliyoingia jino likiwa bado linaundwa ndani ya ufizi. Floraidi kidogo hulinda jino, ikizidi huliharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Hakuna limau litakaloondoa doa hilo, bali daktari anaweza kulipunguza. Lakini sisi tunamcheka mtoto huyo darasani, tunamwambia hapigi mswaki, mpaka anacheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Kisha tunashangaa akikimbilia saluni! Dhihaka yetu ndiyo inayomletea muuza jeli wateja.

Wazazi, acheni kulipia meno ya watoto wenu kuunguzwa. Wenye saluni, mcheni Allaah, sukeni nywele na mwacheni daktari kazi yake. Walimu wenzangu, mkisikia mtoto anachekwa kwa rangi ya meno yake, msinyamaze.

Wabillaahi tawfiyq.