Miti tumepanda, sasa tuulize: bili ya uchafu inalipwa na nani?

WACHA nikuulize kitu. Mara ya mwisho uliposikia mtu akihubiri kuhusu mazingira, ulikuwa wapi? Nikibahatisha, ulikuwa gwaride la shule, mwalimu akiwaamuru muokote takataka. Ama ulikuwa kwenye simu ukitazama video ya mheshimiwa fulani mwenye gambuti mpya, ameshika mche, kamera sita zikimmulika. Akamaliza, akanawa mikono, akaingia kwa gari, huyo akaenda. Mche ukaachwa hapo ukingoje mvua.

Sisemi kupanda miti ni vibaya. Katiba yetu yenyewe, Kifungu cha 69, inaitaka serikali ihakikishe angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi ina miti. Lakini hebu tupige hesabu pamoja. Desemba 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Gawanya kwa miaka 10, kisha ugawanye kwa Wakenya takriban milioni 50. Kila mmoja wetu, hata mtoto aliyezaliwa leo asubuhi, anafaa kupanda miti 30 kila mwaka. Wewe mwaka jana ulipanda mingapi? Na iliyopandwa, nani anaimwagilia maji?

Tena kuna hili. Novemba 13, 2023 tulipewa likizo nchi nzima ili tupande miti. Miezi minne kabla ya siku hiyo, Rais alikuwa ameondoa marufuku ya ukataji miti iliyowekwa Februari 2018. Sababu aliyotoa ni kwamba miti iliyokomaa inaoza msituni na vijana hawana kazi. Hoja hiyo inaweza kujadiliwa. Ila ukitazama mambo hayo mawili pamoja, unaona mkono mmoja ukipanda na mwingine ukishika msumeno.

Kwa hivyo leo tusiulize nani amepanda mti. Tuulize uchafu unapotokea, bili inaletwa kwa nani.

Juala lilikwenda wapi?

Kama umefika miaka 18, unalikumbuka juala. Wengine tuliliita "karatasi" na halikuwa karatasi hata kidogo. Ukinunua sukuma wiki unapewa juala. Mkate ambao tayari umefungwa, unatiwa kwa juala lingine. Yaliziba mitaro, yakanasa kwenye miiba kando ya barabara, ng'ombe wakayala wakafa.

Kwa miaka mingi tuliambiwa tuwe raia wema, tusitupe ovyo. Mabango yalichorwa, makongamano yakafanywa, na majuala yakazidi. Serikali ilijaribu kupiga marufuku mifuko myembamba mwaka 2007, ikajaribu tena 2011, ikashindwa. Kisha Februari 2017 ikachapishwa notisi katika gazeti rasmi la serikali: kuanzia Agosti 28 mwaka huo, ni marufuku kutengeneza, kuingiza nchini au kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Faini ni kati ya Sh2 milioni na Sh4 milioni, ama kifungo cha hadi miaka minne. Wenye viwanda walikimbia kortini kuizuia, wakagonga mwamba.

Mama mboga akaanza kukufungia kwa gazeti. Wewe ukaanza kubeba kikapu. Ni kweli kuna majuala ambayo bado yanapenya kutoka nje na mengine unayaona sokoni, lakini mtu aliyeona Nairobi ya 2016 anajua tofauti.

Sasa jiulize: Wakenya waliokoka wote usiku wa Agosti 27? La hasha. Tulikuwa watu wale wale. Kilichobadilika ni kwamba sheria ilimfuata anayetengeneza na anayeuza, si anayetupa peke yake. Ukipata ndoo inafurika, unafunga mfereji kwanza ndipo utafute tambara.

Ushahidi uko hapo nje kwenye mtaro wa mtaa wenu. Nenda uangalie. Utaona chupa za soda na maji kuliko majuala. Kwa nini? Kwa sababu chupa hazikuguswa na marufuku ya 2017. Zilipigwa marufuku Juni 2020, lakini ndani ya maeneo yanayolindwa tu kama vile mbuga za wanyama na misitu. Kwingineko, viwanda viliahidi kujipanga vyenyewe, vikusanye chupa na kuzirejeleza. Ahadi hiyo na mtaro wako, amini unachokiona.

Na usidhani chupa ya Nairobi hubaki Nairobi. Mto wetu huanzia upande wa Ondiri kule Kikuyu, ukapita katikati ya jiji, ukaingia Athi. Athi huwa Galana, Galana huwa Sabaki, na Sabaki humwaga maji katika Bahari Hindi karibu na Malindi. Mvuvi wa huko huenda hajawahi kukanyaga Kirinyaga Road maishani mwake, lakini uchafu wa Kirinyaga Road una njia ya kumfikia.

Bili ilipoletwa kwako

Unakumbuka Mswada wa Fedha wa 2024? Bila shaka unaukumbuka. Ndani yake kulikuwa na pendekezo la ushuru wa mazingira kwa bidhaa zinazoleta taka sugu: nepi, simu, betri, magurudumu, vifungashio vya plastiki. Maelezo yalikuwa kwamba anayechafua mazingira ni lazima alipe.

Wazo lenyewe si baya. Liko hata katika sheria zetu za mazingira. Lakini vijana waliuliza swali la maana sana: hapa mchafuzi ni nani? Ni yule mama anayenunua nepi moja moja kwa kiosk, ama ni kampuni inayotengeneza kitu kisichooza na kukiuza bila kufikiria kitaishia wapi? Ushuru ule ungeongezwa kwa bei, na bei analipa mama.

Mswada uliondolewa Juni 26, 2024, baada ya vijana kupoteza maisha barabarani. Hilo hatutalisahau. Ila kuna jambo hatukuliongea baada ya pale. Nepi na simu mbovu zilizotajwa kwa mswada hazikuondoka na mswada. Bado zinatupwa. Na kama si mimi wala wewe wala kampuni tunayelipa, basi kuna mtu mwingine anatulipia.

Ukitaka kumjua, nenda Dandora. Jaa lile lilianza miaka ya 1970 na likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Limejaa, na malori bado yanamwaga. Kuna mtoto anayelala na kuamka kando ya moshi ule kila siku. Anatulipia kwa kifua chake. Hakuna risiti.

Maji hayakuanzia Mathare

Bili nyingine ililetwa kati ya Machi na Mei 2024. Mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 kote nchini. Jijini, waliosombwa zaidi ni wa Mathare, Mukuru na mitaa mingine ya kando ya mito. Serikali ikaamuru kila anayeishi ndani ya mita 30 kutoka mtoni ahame, tingatinga zikaingia, familia zikaahidiwa Sh10,000 za kujianzishia maisha kwingine. Kisha Mei 10 tukapewa likizo nyingine. Ya nini? Ya kupanda miti.

Kuishi ukingoni mwa mto ni hatari, hapo sibishani na mtu. Lakini maji yaliyobeba keja za mabati hayakuzaliwa Mathare. Mvua ikinyesha juu ya udongo na majani, sehemu kubwa inanyonywa na ardhi. Ikinyesha juu ya lami, saruji na paa, yote inateremka kwa kasi. Kila kinamasi kilichojazwa mawe na kila uwanja uliogeuzwa maegesho huko juu unaongeza maji yanayomfikia mtu wa chini. Mwenye mabati hakuidhinisha ramani hata moja ya majengo hayo. Kuna mtu aliyeketi ofisini akatia sahihi.

Mwaka 2018 tuliona majengo makubwa yaliyojengwa kando ya mito yakibomolewa jijini. Watu walishangilia. Baada ya muda zoezi likapoa, na wengi wakaendelea kujenga. Mwenye mabati ndiye husikia mlio wa tingatinga kila mara.

Waliorudisha bili kwa mwenyewe

Usikate tamaa hapo. Kuna Wakenya waliokataa kulipa bili isiyo yao.

Kule Owino Uhuru, Mombasa, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa madini ya risasi. Moshi na maji yake vikaingia kwa makazi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua mwanawe mchanga ana sumu ya risasi mwilini. Akaacha kazi, akaungana na wakazi, kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Goldman. Wakazi waliendelea na kesi, na mwaka 2020 mahakama ikaamua walipwe Sh1.3 bilioni, huku idara za serikali zilizozembea zikibebeshwa sehemu ya mzigo. Mahakama ya Rufaa ikatengua tuzo hiyo, lakini Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Ilichukua miaka mingi, na kuna waliofariki wakingoja.

Lamu nao hawakungoja sumu ifike. Kulikuwa na mpango wa kujenga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050. Leseni ya mazingira ilitolewa mwaka 2016. Wakazi wakaipinga, na Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikaifuta, sababu kubwa ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wavuvi na watu wa kawaida walisoma makaratasi wakakuta mapengo.

Na Wangari Maathai? Tunamkumbuka kwa miti na Tuzo ya Nobel ya 2004. Tunachosahau ni barua. Mwaka 1989 serikali ilipotaka kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Maathai aliwaandikia wakubwa barua akiwauliza ni nani ameruhusu na kwa pesa za nani. Bungeni walimkejeli. Wafadhili wakajiondoa, jengo likafa. Ukienda Uhuru Park wikendi kupiga picha, kumbuka unakanyaga ardhi iliyookolewa na maswali. Miaka 10 baadaye aliuliza tena kuhusu msitu wa Karura, akapigwa na wahuni. Karura iko hadi leo.

Sasa wewe

Najua unachofikiria: mimi si Maathai, nina kodi ya nyumba na kazi sina. Sawa. Lakini mwaka 2024 ulipakua mswada mrefu wenye lugha ngumu, ukausoma, ukaufafanua kwa Kiswahili na Sheng kwenye TikTok hadi mama yako akaelewa. Ujuzi ni huo huo.

Mradi mkubwa ukitaka kuanza, ripoti ya athari zake kwa mazingira hupelekwa Nema, na tangazo huwekwa gazetini wananchi watoe maoni ndani ya siku 30. Kurasa hizo wengi wetu huziruka tukitafuta michezo. Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini haki hiyo ikikiukwa, na hulazimiki kuthibitisha kwamba wewe binafsi umeumia. Sheria ya taka ya mwaka 2022 nayo inasema anayetengeneza bidhaa anawajibika hata baada ya kukuuzia. Kaunti ikiita kikao cha kujadili bajeti, nenda uulize pesa za mitaro na taka zilifanya nini.

Na ndiyo, acha kutupa chupa kupitia dirisha la matatu. Hiyo sitakuachilia. Utakuwa na nguvu gani ya kumuuliza mwenye kiwanda na mkono wako ni mchafu? Panda mti pia, lakini upande mahali ambapo utarudi kuumwagilia.

Nikupe kazi moja ndogo wiki hii. Tafuta mjengo unaokwenda juu karibu na kwenu, hasa ulio kando ya mto. Mjengo halali unafaa kuwa na kibao kinachoonyesha mwenye mradi, mkandarasi na nambari za vibali. Kipige picha kibao hicho. Kama hakipo, piga picha mahali kilipofaa kuwa, uulize kaunti na Nema. Kisha uiweke mtandaoni, pale pale mheshimiwa alipoweka ile yake ya mche.