Picha ya Mto Mara si kipimo, mpaka uifunge kamera

Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakafa. Picha zikasambaa mitandaoni. Kamati ya serikali iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ikasema chanzo ni uchafu wa kikaboni, ukiwemo kinyesi na mkojo wa mifugo. Nchi nzima ikabishana. Wengine hawakuamini, wengine wakageuza utani. Mimi naona kuna swali tuliliruka: kabla ya siku ile, nani kule kando ya mto alikuwa na rekodi ya maji yalivyokuwa wiki iliyopita, au msimu uliopita?

Mto ule unapita kati ya Tarime na Serengeti, na pande zote mbili kuna shule za sekondari zinazofundisha Fizikia. Wengi wetu tunaosoma ualimu tutapelekwa huko, kwa TP au kwa ajira. Tutakuta maabara haina vifaa vya kutosha, lakini mfukoni kila mwalimu ana kamera. Hoja yangu ni kwamba kamera hiyo inaweza kupima maji, ila kwanza tujue inavyodanganya.

Ndani ya kamera kuna kihisi chenye vijidoti vinavyoitwa pikseli. Chukulia kila pikseli ni ndoo chini ya bomba. Mwanga unaingia, ndoo inajaa taratibu, na kamera inasoma ujazo. Mwanga ukizidi, ndoo inafurika. Hapo hata ukiongeza mwanga mara mbili, namba inabaki 255, ambayo ndiyo ya juu kabisa katika picha ya kawaida. Maji safi na maji yenye tope kidogo yote yatasoma 255, na wewe utaandika kwamba yako sawa.

Hata ndoo isipofurika, bado kuna shida. Simu hupinda namba ili picha ipendeze machoni. Ukisoma 128 unaweza kudhani ni nusu ya mwanga wa 255. Siyo. Kwa picha nyingi za kawaida hiyo ni kama asilimia 22 tu. Yaani namba haziendi kwa uwiano na mwanga, na grafu yako haitakuwa mstari mnyoofu.

Shida ya tatu ndiyo mbaya zaidi. Simu ikiachwa ijiamulie, ikiona giza inaongeza muda wa kupokea mwanga. Piga chupa ya maji meusi peke yake, kisha chupa ya maji safi peke yake, na picha mbili zinaweza kukaribiana kabisa. Kwa hiyo picha zile za mtandaoni, hata zilizopigwa kwa nia njema, hazikuweza kumaliza ubishi wa maji yalikuwa meusi kiasi gani.

Dawa ipo, na haihitaji hela. Inafanana na mizani ya mawe ya dukani. Muuza sukari hahitaji kujua mkono wa mizani unainama nyuzi ngapi. Anaongeza na kupunguza mpaka pande mbili zilingane, halafu anasoma jiwe.

Fanya hivyo hivyo kwa mwanga. Tafuta boksi lenye giza ndani, weka tochi upande mmoja na simu upande wa pili, katikati weka chupa ya kioo. Weka simu kwenye hali ya kurekebisha kwa mkono. Funga ISO, funga fokasi, funga mizania ya rangi. Kitu kimoja tu kibaki kubadilika, yaani muda wa kupokea mwanga. Anza na maji safi na punguza muda mpaka usome namba ya katikati, tuseme 120, mbali na 255. Kisha weka maji ya mto na ongeza muda mpaka usome 120 ile ile.

Kama maji safi yalihitaji sekunde 1/400 na maji ya mto 1/100, umeongeza muda mara nne. Maana yake maji ya mto yamepitisha robo tu ya mwanga. Hujali tena simu imepindaje namba, kwa sababu umelinganisha namba moja na yenyewe. Kilichopima ni muda, na muda hauna ujanja.

Najua mtasema wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni. Kweli, na sidai sheria hiyo ivunjwe. Simu moja ya mwalimu, boksi moja na daftari moja vinatosha darasa zima. Wanafunzi watajaza chupa, watasoma namba, watachora grafu. Ijumaa kwa Ijumaa, masika na kiangazi.

Tusijidanganye pia. Kipimo hiki kinasema maji yamechafuka kiasi gani kwa macho ya mwanga. Hakisemi kilichochafua ni nini. Zebaki au sianidi inaweza kuwemo kwenye maji yanayong'aa, na hiyo ni kazi ya maabara ya kemia. Lakini daftari la mwaka mzima linaonyesha siku ambayo namba iliruka, na siku hiyo ndiyo ya kupeleka sampuli haraka kabla mto haujajisafisha.

Ombi langu kwa walimu wetu wa mbinu za kufundishia: hili liingie kwenye vipindi kabla hatujaenda TP. Kwa wanachuo wenzangu, jaribuni hosteli wiki hii, chupa ya maji ya bomba na chupa ya chai ya rangi. Siku mto utakapobadilika tena, mtoto wa kidato cha pili aweze kufungua daftari na kusema, "Jumatano ilikuwa nusu, leo ni moja ya nane." Hapo tutabishana, ila kwa namba.