MAONI: Acha kuishi kwenye bedsita yako kama abiria stejini

Wacha nikuulize swali, na usinidanganye. Jioni ukifika kwako, ukifunga mlango na kuvua viatu, unaona nini?

Kama uko nilivyokuwa mimi, unaona balbu moja nyeupe inayoning'inia katikati ya dari, inamulika kila kitu kwa ukali kama chumba cha kuandikia taarifa kwa polisi. Godoro liko sakafuni. Nguo ziko ndani ya begi. Ukutani hakuna kitu isipokuwa msumari ulioachwa na mpangaji aliyetangulia. Unalala na simu mkononi kwa sababu simu ndiyo kitu pekee chenye rangi humo ndani.

Niliishi hivyo karibu miaka miwili, mtaani Zimmerman. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, nikahamia bedsita huku nikijiambia ni ya miezi mitatu tu, mambo yakinyooka narudi darasani. Kwa hivyo sikununua kitu. Kabati la nini na mimi ni wa kupita? Pazia la nini? Hata begi langu la chuo sikulifungua lote. Miezi mitatu ikawa sita, sita ikawa kumi na minane, na mimi bado nimekaa kama mtu anayengojea matatu ijae.

Kilichonitoa hapo ni kitu kidogo ambacho pengine utakicheka: taa za pazia.

Unazijua. Ni zile nyuzi nyembamba zinazoteremka kutoka juu hadi chini kama mvua, kila uzi na vijitaa vyake. Zilizo nyingi huku kwetu ni za mita tatu kwa tatu, nyuzi 10, kila uzi vijitaa 30. Umeziona harusini nyuma ya kiti cha bibi arusi, umeziona kwenye video za TikTok. Mimi nilizipata barabara ya Luthuli. Muuzaji alianza na Sh1,500, tukavutana hadi Sh950, nikaondoka nikijilaumu kwamba hiyo ni pesa ya unga na mboga za siku kadhaa.

Usiku huo nilizitundika kwenye waya wa pazia linalotenga kitanda na jiko, nikazima ile balbu ya dari. Sitakuambia maisha yalibadilika. Lakini nilikaa pale kitandani nikatazama chumba changu kwa mara ya kwanza, nikaona begi lile la nguo, na nikaona aibu. Kesho yake niliwaza rafu. Mwisho wa mwezi nikanunua rafu. Halafu nikanunua godoro nene zaidi, halafu meza ambayo sasa ndiyo ninayoandikia makala haya.

Sasa nakuja kwa hoja yangu: nyumba ya kupanga ni nyumba. Siku unazoishi humo ni siku zako, hazitarudishwa pamoja na diposti.

Najua utakachoniambia, kwa sababu nimeambiwa chote.

Wa kwanza kunisema alikuwa rafiki yangu wa toka shule ya upili. Aliingia, akasimama mlangoni, akauliza, "Msee, hapa ni kwako ama ni saluni?" Kwake, kijana wa kiume anatakiwa kuwa na spika kubwa, televisheni na godoro, basi. Taa na maua ni mambo ya wasichana. Mimi namuuliza msomaji wa kiume: nani alitufundisha kwamba mwanamume kamili ni yule anayelala pabaya? Rafiki huyo huyo hukaa kwangu hadi saa tano za usiku kila Jumamosi. Kwake hatuendi kamwe, na yeye mwenyewe ndiye hataki twende.

Wa pili ni yule anayesema unapamba nyumba ya mwenyewe, kisha utafukuzwa. Kweli, landilodi anaweza kunipa notisi leo. Lakini taa hizi nitazikunja kwa dakika tano na kwenda nazo. Sijapaka rangi ukuta wake, sijatoboa shimo, sijaweka vigae. Hiyo ndiyo sababu nazisifu kwa mpangaji: pambo linahama nawe. Kama huna waya wa pazia, kuna vile vishikizo vya kubandika ambavyo hung'oka bila kubeba rangi. Keateka hatapata sababu ya kukukata diposti.

Wa tatu ni mama yangu. Huyu ndiye niliyemwogopa.

Alipokuja kutoka nyumbani kunitembelea, jambo la kwanza alilosema ni, "Na hizi zote zinakula stima?" Nikamfanyia hesabu, nawe nakufanyia. Taa zangu ni za kuchomeka kwenye chaja ya simu, zinakula wati 6 hivi. Nikiziwasha saa tano kila usiku kwa siku 30, hazifikishi uniti moja ya tokeni kwa mwezi mzima. Pasi ya wati 1,000 ukiitumia kwa saa moja umekula zaidi ya hapo. Na stima ikipotea, jambo ambalo sihitaji kukueleza, nazichomeka kwenye pawabenki na jirani wanadhani nina jenereta.

Mama akasema hata kama, ni anasa. Hapo nikacheka, kwa heshima. Huyu ndiye mama aliyejaza vitambaa vya kushona kwa mkono kwenye kila kiti sebuleni kwetu, kwenye redio, hadi juu ya televisheni. Ndiye mwenye kabati la vioo lenye glasi ambazo mimi sijawahi kunywea tangu nizaliwe, kwa sababu ni za wageni. Alifanya hayo tukiwa hatuna kitu, tena tukiwa tumepanga. Alitaka mtu akiingia ajue kwamba hapa pana watu wanaojiheshimu. Ukienda Lamu, zile nyumba za kale za mawe zina zidaka kwenye kuta za ndani, vishimo vilivyochongwa kwa ustadi vya kuwekea vyombo vya kaure na mapambo. Kutaka pazuri unapolala hakukuletwa na mtandao. Wazee wetu walikuwa nako.

Lakini mtandao umeleta lake, na hapa sitakubembeleza. Kuna anayenunua taa kwa mkopo wa simu ili apige picha moja, apate mioyo mia mbili, kisha ashindwe kulipa na kuanza kukwepa simu. Kuna anayelala njaa chini ya vijitaa 300. Huko siko ninakokutuma. Kama kodi haijalipwa, lipa kodi kwanza. Jipime hivi: je, ungezitundika kama hakuna mtu angeziona isipokuwa wewe? Ukijibu ndiyo, nunua. Kama jibu ni la, pesa hiyo ina kazi nyingine.

Pia kuna jambo la usalama ambalo wanaotuonyesha video hawalitaji. Bedsita zetu nyingi zina soketi moja au mbili. Humo humo unachomeka simu, pasi, kikoili cha kuchemshia maji, spika, na sasa taa, zote kwenye ekstensheni moja ya bei rahisi. Jirani yangu wa ghorofa ya chini aliamka usiku kwa harufu ya plastiki, akakuta ekstensheni yake imeyeyuka pembeni mwa godoro. Aliponea. Wengine wetu tumeona nyumba zikiteketea mtaani kwa hitilafu ya umeme na tunajua zimamoto haifiki haraka kwenye vichochoro vyetu.

Kwa hivyo fanya hivi. Chukua zile za volti 5 za kuchomeka kwenye chaja, si zile zinazoingia moja kwa moja ukutani. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aziwashe zote na upitishe kidole kwenye waya kuona kama umechubuka. Zikunjue kabisa kabla ya kuziwasha, usiziache zimejikunja ndani ya kifurushi. Ziweke mbali na jiko la gesi na mbali na upande wa bafu unaorusha maji. Kikoili na pasi visiwahi kukaa ekstensheni moja nazo. Ukitoka, chomoa. Nyingi zina kipima saa, ukikiweka zitajizima zenyewe ukishalala.

Kuhusu kuzipendezesha, sina mengi. Zitundike nyuma ya pazia jepesi la neti, mwanga utatulia. Chagua rangi ya manjano hafifu, hiyo nyeupe kali inarudisha kituo cha polisi. Na yale mapigo manane ya kumetameta kwenye rimoti, chagua lile la kutulia usahau mengine, isipokuwa unataka kulala disko.

Nirudi kwa mama. Usiku huo nilimpa kitanda, nikatandika chini. Tulikuwa hatujazungumzia chuo tangu nilipoacha. Kila simu alikuwa akiuliza "utarudi lini" na mimi nikijibu "nitaona". Nilisimama nizime taa tulale.

"Wacha ziwake kidogo," akasema.

Nikaziacha. Baada ya kimya kirefu akasema, "Nilidhani umejificha tu huku. Kumbe unaishi." Hakuuliza habari ya chuo. Asubuhi aliniachia kitambaa kimoja alichokuwa amekuja nacho ndani ya mkoba, kiko juu ya spika sasa hivi.

Bado sijarudi darasani. Pengine nitarudi, pengine sitarudi. Lakini siku hizi nikifunga mlango jioni najua nimefika kwangu, hata kama kila tarehe tano namlipa mtu mwingine kodi. Na wewe mwenye begi ambalo hujalifungua tangu uhamie, anza nalo leo usiku. Taa utazinunua mwisho wa mwezi.