Mkoa Si Timu ya Mpira

Kuna ubishi mmoja ambao vijana wa Nyanda za Juu Kusini hatuuchoki: kati ya Mbeya na Iringa, nani zaidi? Nimeusikia hosteli, ndani ya basi, hata msibani. Wa Mbeya ataanza na jiji: Mbeya ni jiji tangu 2005, Iringa bado manispaa. Ataongeza uwanja wa ndege wa Songwe, kisha reli ya TAZARA, iliyopita Makambako ikaiacha Iringa mjini bila hata honi ya treni. Wa Iringa atajibu kwa vyuo vikuu, kwa usafi wa mji, kwa Hifadhi ya Ruaha na kwa Mkwawa. Siku nyingine atatokea wa Njombe kuwaambia wote wawili kwamba hela ziko kwenye mbao, chai na maparachichi ya kwao.

Mimi nasema ubishi huu unatupotezea muda, na wapo wanaofaidika tukiupoteza.

Tuanze na hicho tunachokipigania. Mkoa ni nini? Ibara ya 2 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kuigawa nchi katika mikoa na wilaya, kwa kufuata utaratibu wa sheria. Mkuu wa mkoa anateuliwa na Rais. Katibu tawala wa mkoa naye anateuliwa na Rais. Mkoa hauna bunge wala kodi yake. Una Kamati ya Ushauri, na jina lake linajieleza: inashauri. Kwa jirani zetu Wakenya, tangu 2013 kila kaunti kati ya 47 ina gavana aliyepigiwa kura. Akiboronga, wananchi wanamng'oa. Sisi mkuu wa mkoa akiboronga tunasubiri taarifa ya Ikulu, na akifanya vizuri tunasubiri taarifa hiyohiyo, maana atahamishwa. Ukijisifia mkoa, unajisifia tawi la serikali kuu lililo jirani na kwenu. Ni kama kushangilia ofisi ya posta.

Tena mikoa yenyewe ni ya juzi tu. Nchi ilipopata uhuru, Mbeya na Iringa zilikuwa ndani ya jimbo moja la Nyanda za Juu Kusini, makao makuu yakiwa Mbeya. Miaka michache baadaye majimbo yakavunjwa, ikaja mikoa. Mwaka 1972 ukaja mpango wa Madaraka Mikoani, uliosukwa kwa ushauri wa McKinsey, kampuni ya Marekani. Jina lilisema madaraka yanakwenda mikoani. Waliokwenda walikuwa maofisa. Halmashauri zilizochaguliwa na wananchi zilifutwa, zikaja kurudishwa miaka ya 1980, na Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Mwaka 2012 Njombe ikakatwa kutoka Iringa. Mwaka 2016 Songwe ikakatwa kutoka Mbeya.

Mimi ni wa Mbozi. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Mbeya. Cha mtoto wa dada yangu, aliyezaliwa palepale, kinasema Songwe. Hakuna aliyehama. Hata kimondo cha Mbozi, chuma kizito ambacho hakuna wa kukisogeza, nacho kimebadilishiwa mkoa. Na ule uwanja wa ndege wa Songwe? Uko Mbeya. Mtu wa Mbeya anayeringia uwanja huo anaringa kwa jina la mkoa wa jirani.

Sisemi kugawa mikoa hakuna maana. Mtu wa Ludewa au Makete aliyelazimika kusafiri hadi Iringa mjini kwa ajili ya shughuli za mkoa ana haki ya kuishangilia Njombe. Wa Ileje anafika Vwawa mapema kuliko alivyofika Mbeya. Umbali ni hoja halali. Lakini sikiliza jinsi mikoa inavyodaiwa: "Na sisi tunataka hadhi." Hadhi hiyo ukiifungua ndani unakuta jengo, magari, makazi ya mkuu wa mkoa na viwanja vilivyopanda bei. Wanaoanza kula hapo ni wale waliojua mapema jengo litasimama wapi.

Sasa tuangalie orodha ambazo tunaongoza kweli. Utafiti wa afya wa 2022 uliikuta Iringa ikishika nafasi ya kwanza kitaifa kwa udumavu: asilimia 56.9 ya watoto walio chini ya miaka mitano. Ya pili ni Njombe, asilimia 50.4. Ya tatu ni Rukwa, asilimia 49.8. Hii ni mikoa inayolisha nchi! Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma ndizo zilizosifiwa miaka ya nyuma kama mikoa minne mikubwa ya mahindi. Magunia yanapanda lori kwenda Dar es Salaam, mama anashinda shambani kutwa, na mtoto anaachiwa uji mtupu wa mahindi. Kwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI, nafasi tatu za juu ni Njombe, Iringa na Mbeya. Na ukisikia Dar wanatafuta msichana wa kazi, utasikia wanataka "wa Iringa". Kombe hilo sijaona mtu akiligombea.

Angalia na maji. Mto Ruaha Mkuu unakusanya vijito vya milima ya Njombe na Mbeya, unashuka bonde la Usangu, wilayani Mbarali, unapita Ihefu, unaingia Hifadhi ya Ruaha, kisha Mtera na Kidatu kuzalisha umeme wa nchi nzima. Tangu 1993 mto huo umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi. Viboko wanabanana kwenye madimbwi. Mbeya ikisoma taarifa yake inahesabu tani za mpunga wa Mbarali, na inapigiwa makofi. Iringa ikisoma yake inahesabu watalii wa Ruaha, na inapigiwa makofi. Kila mmoja anasifiwa kwa kipande chake cha mto, na mto unakauka katikati ya makofi hayo. Chombo kinachofuata mkondo wa maji badala ya mpaka wa mkoa kipo: bodi ya maji ya Bonde la Rufiji, makao yake Iringa. Wangapi kati yetu tunaobishana kuhusu majiji na manispaa tumewahi kuuliza vibali vya maji ya Usangu vinatolewaje, na kwa nani?

Ugomvi wa majirani hawa una historia, na wenye kiburi cha Mkwawa wangeikumbuka. Wasangu na Wahehe walipigana miaka mingi. Wajerumani walipoingia, Merere wa Usangu akaegemea upande wao, apate kumkomoa Mkwawa. Mkwawa aliwapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891. Mwaka 1898 alijipiga risasi asikamatwe. Vumbi lilipotulia, Usangu na Uhehe walikuwa na bwana mmoja, naye hakuwa Msangu wala Mhehe.

Kuna watakaoniambia ni utani tu, kama Simba na Yanga. Sawa, tuzungumze mpira. Ihefu ilikuwa timu ya Mbarali, imebeba jina la bwawa letu hadi Ligi Kuu. Ikahamishiwa Singida, na mwaka 2024 ikaitwa Singida Black Stars. Mashabiki wa Ubaruku hawakupiga kura. Kumbe hata timu unayoishangilia inaweza kuondoka ukiwa bado umevaa jezi yake. Itakuwaje mkoa, ambao mpaka wake unachorwa kwa tangazo la serikali?

Kama tunataka kushindana, tushindanie yanayopimika kwa mwili wa mtu: watoto wangapi wa Mufindi wamerefuka kama inavyotakiwa, mto umetiririka hadi mwezi gani, mabinti wangapi wa Makete wamemaliza kidato cha nne badala ya kupanda basi la Dar. Na tudai yale ambayo ubishi wetu unayaficha: mkuu wa mkoa wa kuchaguliwa, na halmashauri zinazoamua matumizi ya fedha zinazozikusanya. Mkoa wa namna hiyo, uwe mkubwa au mdogo, nitauringia.

Kwa hiyo mtu akikuuliza tena kati ya Mbeya na Iringa nani zaidi, mwulize yeye kwanza: mkuu wa mkoa wenu, mlimchagua lini?