Vyuo vya Juba viwape wanafunzi kazi za sokoni

Januari 22, 2025, mamlaka ya mawasiliano ya Sudan Kusini iliziamuru kampuni za simu kufunga mitandao ya kijamii, Facebook na TikTok zikiwemo, kwa muda ambao ungeweza kufika siku 90. Video za mauaji ya raia wa Sudan Kusini huko Al Jazira, nchini Sudan, zilikuwa zimesambaa. Juba ikachafuka, maduka ya Wasudan yakaporwa, watu wakauawa. Amri hiyo iliondolewa Januari 27.

Siku hizo wafanyabiashara wanaotangaza bidhaa mtandaoni walilalamika, na walikuwa na haki. Wanafunzi wa vyuo hawakutajwa sana. Pengine ni kwa sababu wengi wetu bado tunaamini kuwa mwanafunzi akiwa na simu mkononi anacheza tu.

Tunaona tofauti. Mradi wa mwanafunzi kwa kawaida husomwa na mtu mmoja, mwalimu wake, kisha huwekwa kabatini. Mwanafunzi analijua hilo, ndiyo maana ananakili wa mwenzake wa mwaka jana. Kazi hiyohiyo ikitumwa kwenye kundi la WhatsApp la wachuuzi wa Konyokonyo, mambo hubadilika. Akikosea bei ya gunia la unga ataambiwa kabla hajamaliza chai yake. Akipatia, kesho ataulizwa bei ya maharage. Kuulizwa huko kunamsukuma kuliko alama.

Chukueni suala la mahindi. Mwaka 2023 malori kutoka Uganda yalizuiwa mpakani Nimule kwa madai ya sumukuvu. Madereva walikwama, wenye mali wakapata hasara, na mpakani zikatawala tetesi. Viwango vya Afrika Mashariki vinajulikana: mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na sumukuvu yote isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Ukungu unaotoa sumu hiyo hushamiri kwenye nafaka iliyovunwa na kuhifadhiwa kabla haijakauka. Kwa mnunuzi wa Gulu au Masindi, kipimo cha unyevu ni kinga ya kwanza, ingawa hakiwezi kuonyesha sumu iliyokwisha kuingia. Hiyo inataka maabara.

Maelezo haya yote yanaingia katika video ya dakika mbili, kwa Kiarabu cha Juba na kwa Kiswahili. Chuo Kikuu cha Juba kina wanafunzi wa kilimo na wa kompyuta. Kwa nini video hiyo isiwe mtihani wao wa muhula? Na kwa kuwa Sudan Kusini imo katika Jumuiya tangu 2016, Kiswahili chao nacho kingenolewa papo hapo, bila darasa la ziada.

Walimu wanaogopa uvumi, na yaliyotokea Januari hayawaachi bila hoja. Basi nusu ya alama iwe ya uhakiki: bei imetoka kwa nani, saa ngapi, nani mwingine amethibitisha. Anayehesabu waliopenda video yake bila kuonyesha chanzo asipewe kitu. Bando pia ni ghali, kwa hiyo pale video inapokuwa nzito, ujumbe wa sauti unatosha. Mama muuza nyanya anausikiliza huku akipanga mafungu.

Tunawaomba viongozi wa masoko ya Konyokonyo na Custom, pamoja na mawakala wa forodha wa Nimule, wapokee wanafunzi wawili wawili katika makundi yao muhula ujao na kuwachangia bando. Mamlaka nayo, siku video ya uchochezi ikisambaa tena, iidai kampuni husika iondoe video hiyo, iwaache wengine waendelee na kazi.