Bia Haina Meno: Jibu kwa Mzee wa Redio

Wasomaji wa Lubumbashi hawahitaji kukumbushwa kipindi kile. Kuanzia Kamalondo hadi Ruashi, wiki nzima watu wanabishana juu ya nyama ya ng'ombe inayolazwa kwenye chumvi kisha kupikwa kwa bia na mboga, kwa sababu mzee mmoja, mpishi mstaafu, alikaa mbele ya kipaza sauti akatoa maagizo kana kwamba ameshuka nayo mlimani. Simtaji jina. Ni mkubwa wangu, na kwa samaki wa kukaanga sijaona wa kumshinda. Lakini heshima haimzuii mtu kuhesabu. Nilimsikiliza mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu, na maneno yake nikayakuta yanagombana yenyewe kwa yenyewe kabla mimi sijaingia. Ninyi ndio mahakimu. Mimi naleta vielelezo.

Alianza kwa kusema nyama hii ni ya kiwandani: huja ndani ya kopo, na anayedai kuitengeneza nyumbani anajidanganya. Nimtendee haki. Kwa kizazi chake, "corned beef" ilikuwa kopo lenye ufunguo ubavuni, na hata mimi niliijua hivyo kabla ya kujua kwamba ina ukoo mrefu zaidi. Ila jina lenyewe linamkana. "Corn" katika Kiingereza cha zamani ni punje, na punje zinazotajwa ni za chumvi ya mawe iliyosuguliwa kwenye nyama. Bandari ya Cork, huko Ireland, ilikuwa ikisafirisha mapipa ya nyama hiyo katika karne ya 17 na ya 18. Makopo ya Fray Bentos, kule Uruguay, yalianza miaka ya 1870. Pipa limelitangulia kopo kwa muda mrefu sana. Wala Katanga haikungoja meli ili ijue chumvi: chumvi ya Mwashya ilikuwa bidhaa ya biashara kabla Élisabethville haijaanzishwa mwaka 1910. Kinachotakiwa nyumbani ni kilo mbili za nyama ya kifua, lita nne za maji, gramu 350 hivi za chumvi, sukari kidogo, kitunguu saumu, pilipili manga, karafuu chache, ndoo safi yenye kifuniko, na siku tano hadi saba kwenye baridi. Kiwanda kiko wapi hapo?

Kwenye hiyo baridi ndipo angeweza kunibana, na hakufanya hivyo. Maji ya chumvi hayana uchawi. Nyama lazima ikae kwenye friji, kwenye nyuzi 4 au chini yake, na sote tunajua umeme wa mji huu unavyokuja na kuondoka. Msimu wa mvua uliopita nilipoteza kilo tatu. Umeme ulikwenda Ijumaa, ukarudi Jumapili usiku, na nilipofungua ndoo nikakuta povu la kijivu limetanda juu; harufu ikanijibu kabla sijauliza. Nikatupa yote, na sikumwambia mtu bei. Tangu siku hiyo nazamisha ndani ya ndoo chupa mbili za maji yaliyoganda, zimefungwa vizuri, na umeme ukizidi kuchelewa napika nyama siku hiyo hiyo, hata kama imelala siku mbili tu.

Badala ya kusema hilo, mzee wetu alishika rangi. Nyama isiyokuwa ya waridi baada ya kuiva, alisema, imeharibika. Hapana. Ile rangi ya waridi ni kazi ya shura, chumvi ya nitrati ambayo wachinjaji wa Ulaya huitia kwa mizani ya gramu chache, na ambayo pia huzuia vijidudu vya sumu katika nyama inayokaa muda mrefu. Nyama iliyolazwa kwa chumvi ya jikoni peke yake hutoka na rangi ya kijivu, basi. Kama imekaa kwenye baridi na ikapikwa ndani ya wiki, iko salama. Naomba mtu yeyote asitafute ile waridi kwa njia ya mkato. Tunaishi katika mji wa migodi, ambako neno nitrati linajulikana zaidi kwa kupasua miamba kuliko kwa kupika, na kitu cha aina hiyo hakina kazi katika sufuria.

Sasa tufike kwenye moyo wa kesi. Bia, alisema, ndiyo inayolainisha nyama. Asidi yake hula nyuzi, na bila bia utatafuna kandambili. Ni hoja yenye sura nzuri, kwa sababu bia ina asidi kweli, ingawa ndogo. Lakini kinachoifanya nyama ya kifua iwe ngumu ni kolajeni, ule utando mweupe unaoshikilia nyuzi pamoja, na kolajeni haiogopi bia. Inaogopa joto na saa. Huanza kulegea kwenye nyuzi 70 hivi, hulegea vizuri zaidi ya 80, na baada ya saa tatu au nne hugeuka kuwa ule ute unaoufanya mchuzi ung'ang'anie midomo. Maji matupu yanaifanya kazi hiyo bila kuomba msaada. Kama mzee anakataa, aende soko la Kenya, hapa hapa mjini, akawaulize mama wanaopika miguu ya ng'ombe. Kuna kolajeni gani ngumu kuliko ya mguu? Na ni mama gani kati yao anayenunua bia ili uive?

Sikutaka ushindi wa maneno, kwa hiyo nilipika. Kipande kimoja cha kifua, nimekigawa katikati, sufuria mbili, mbabula mbili, saa tatu na nusu. Moja ilipata maji na kitunguu. Nyingine ilipata maji hayo hayo na nusu chupa ya bia ya Tembo. Shemeji yangu alionja bila kuambiwa ipi ni ipi, akasukuma uma kwenye ya kwanza, akasukuma kwenye ya pili. "Zote ziko teketeke," akasema. Halafu akarudi kwenye ya pili, akachovya kidole kwenye mchuzi, akarudia tena. "Lakini hii ndiyo iko na neno." Hukumu yote imo katika sentensi hizo mbili. Bia ilileta neno, yaani rangi, utamu wa kimea kilichokaangwa na uchungu kidogo nyuma ya ulimi. Ulaini ulikuja wenyewe katika sufuria zote mbili.

Na sasa tazameni jinsi alivyojifunga. Baada ya kutuambia bia ndiyo mlainishaji, dakika chache baadaye aliagiza itiwe nusu saa ya mwisho tu, "isipoteze nguvu". Mahakimu, kitu kinachoingia nyama ikiwa imeshaiva kimelainisha nini? Ama kilikuwepo tangu mwanzo kikafanya kazi, ama kilifika mwishoni na kazi ilifanywa na mwingine. Fundi anayekuja nyumba ikiwa imeshaezekwa hadai ujira wa paa.

Agizo hilo hilo la nusu saa linabomoa hoja yake iliyofuata, na hii ndiyo iliyonifanya niandike. Alisema pombe yote huruka ndani ya dakika kumi, kwa hiyo chakula hiki apewe yeyote: mtoto, mama mjamzito, mtu wa kanisa asiyegusa pombe. Ni imani ya jikoni nyingi duniani, si yake peke yake. Wizara ya Kilimo ya Marekani ina jedwali la jambo hili, nalo halimtetei. Pombe ikichemka pamoja na chakula kwa dakika 30, asilimia 35 hivi bado imo. Baada ya saa moja imebaki 25. Baada ya saa mbili na nusu, 5. Tufanye hesabu: nusu lita ya bia yenye asilimia 5 ya pombe ina mililita 25. Ukiitia mwanzoni na kupika saa tatu, sufuria nzima ya watu wanane imebaki na kama mililita moja, robo ya kijiko cha chai isiyojaa. Ukiitia kwa agizo la mzee, zimebaki karibu mililita tisa. Hakuna atakayelewa kwa hizo, sawa. Ila yeye ndiye aliyesema sifuri, na ndiye aliyechagua njia inayobakiza nyingi zaidi. Mtu aliyeapa kutogusa pombe ana haki ya kuambiwa kweli: hata njia yangu haifiki sifuri. Mpikie sufuria ile ya kwanza, ya maji na kitunguu. Wala usimdanganye na munkoyo ukidhani umekwepa. Munkoyo ulioachwa siku mbili nao unachacha.

Halafu ikaja hoja ya hadhi. Bia ya hapa haifai, alisema. Bila bia nzito ya Ubelgiji, au ile ya Kiingereza inayoitwa "ale", usijisumbue. Ni kweli Wabelgiji wana kitoweo chao, karbonadi ya Flanders, nyama na vitunguu katika bia ya kahawia, na nadhani ndicho alichokipika miaka yote katika nyumba za wazungu. Kwa njia, nyama ya karbonadi hailazwi kwenye chumvi; amechanganya vyakula viwili na kutupa sheria za kimoja tuzitumie kwa kingine. Lakini tuiache hiyo. Tofauti kubwa kati ya "ale" na bia nyingi za chupa ni hamira na joto la kuchachushia: moja huchachuka kwenye joto zaidi, nyingine kwenye baridi zaidi. Harufu laini zinazotokana na tofauti hiyo ndizo za kwanza kupotea na mvuke. Kinachobaki saa tatu baadaye ni kimea na uchungu wa hopsi. Ndiyo maana rangi ya bia ina maana kuliko pasipoti yake. Tembo ya kahawia, inayotengenezwa na Brasimba hapa hapa mjini, huacha utamu. Simba ya dhahabu huacha uchungu zaidi, na uchungu huo hukolea kadiri mchuzi unavyopungua; kama ndiyo uliyo nayo, tia robo chupa na karoti moja ya ziada. Chupa nzima usitie kamwe, ya bara lolote.

Kuhusu moto alikuwa na uhakika wa kutisha: rundika makala, sufuria itokote kwa fujo, utamaliza kwa saa moja na nusu. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Yakishafika hapo, hata ukimwaga gunia zima la makala chini yake, hayapandi; yanakauka tu. Usipokuwa na sufuria ya presha, moto mkubwa haukununulii dakika. Unakausha mchuzi, unakamua nyuzi mpaka nyama inakuwa kamba ndani ya supu, na unachoma miombo bure, wakati magunia yanatoka mbali zaidi kila mwaka. Mbabula yetu kumbe inafaa kwa kazi hii kuliko jiko la gesi la alikokuwa akifanya kazi: songa bukari ya mchana, acha makala yazame, funika kwa majivu nusu, weka sufuria. Uso wa mchuzi uwe unatoa kiputo kimoja hapa, kimoja pale. Ukiona vinakimbizana, ongeza majivu.

Mboga zote ziingie mwanzoni na nyama? Kabichi ya saa tatu ni uji. Karoti dakika 40 kabla ya kuepua, viazi 30, kabichi 15. Naye alisema nyama isisuuzwe baada ya kutoka kwenye maji ya chumvi, ladha isipotee, kisha akalalamika kwamba chakula hiki huleta kiu mbaya. Sina la kuongeza.

Mwisho alitoa lile ambalo watu wengi walilipigia makofi: hiki si chakula chetu, hakiendi na bukari. Yule yule aliyedai bia ya Ubelgiji! Kama kosa ni ugeni, mahindi ya hiyo bukari yalivuka bahari kutoka Amerika, muhogo vivyo hivyo, nyanya vivyo hivyo, na unga ulikuwa posho ya wafanyakazi wa Union Minière kabla haujawa utambulisho wa mtu yeyote. Bukari inataka mchuzi mzito wenye chumvi ya kutosha na kitu cha kung'ata. Sijui ni kipi kati ya hivyo kinakosekana hapa.

Na kama utapika, usimfuate kwenye kisu. Alisema ikatwe ikiwa moto, kwa urefu, kufuata nyuzi. Iache ipumzike dakika 20, kisha kata kukingama, ili kila uzi uwe mfupi kabla haujafika mdomoni. Kifua kina matabaka mawili na nyuzi zake hazielekei upande mmoja. Ukifika kwenye mstari wa mafuta unaoyatenganisha, simama, geuza ubao, endelea.