Dishi na kivuli cha mgunga

Kwa wanaozunguka kaskazini mwa Kenya na gari lenye kitanda na jiko, naomba niseme neno kuhusu dishi la Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti iliyoingia nchini Julai 2023. Dishi lataka anga wazi. Ukiegesha chini ya mgunga kukwepa jua, intaneti itakatikakatika. Afadhali uvumilie joto. Tena dishi linakula umeme: la kawaida huvuta wati 50 au zaidi muda wote limewashwa, kwa hiyo lizimeni mkilala, la sivyo betri itaisha na friji izime. Mkitoka Marsabit kwenda Loiyangalani, msitegemee laini ya simu. Pakueni ramani mapema, na tafadhali, mwambieni mtu wa nyumbani mnapita njia gani.